Mbwa wa mota na ugonjwa wa shingo

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, kazi za watu zilinibana, na ile makala ya hifadhidata niliyowaahidi bado haijaiva. Leo niwaletee historia. Historia ya mbwa. Si hawa wanaotunyima usingizi mtaani, la hasha. Mbwa wa mota na waya.

Yalianza hivi. Jumapili moja mpwa wangu wa miaka saba aliniletea mbwa wake wa plastiki, wa kutembea na kubweka, aliyenunuliwa kwenye rundo la mitumba. "Mjomba, Simba amekufa." Nikamlaza mgonjwa mezani, nikafungua kifuniko cha tumbo kwa bisibisi, na nikakuta kile ninachokikuta mara tisa kati ya kumi: betri zimevuja, springi zimeota kutu ya kijani na unga mweupe. Nikadondosha siki kidogo, nikasugua kwa mswaki mkuukuu, nikafuta kwa spiriti, nikaacha pakauke kabisa, nikatia betri mpya. (Siki inafaa kwa sababu kinachovuja kwenye betri za alkali ni alkali, na asidi huipoza. Kwa betri za litiamu usijaribu mchezo huo.) Mbwa akabweka. Mpwa wangu akamtazama sana, kisha akaniuliza, "Anakumbuka kwamba alikufa?"

Nilimwambia huyu wake hana pa kukumbukia. Ila yuko mbwa mwingine aliyekuwa napo, na nikajikuta usiku ule nimekaa hadi saa nane nikisoma habari zake tena.

Mbwa huyo ni Aibo. Sony ya Japani ilimtangaza Mei 1999 na kuanza kumuuza tarehe 1 Juni mwaka huo. Jina la kiwandani ni ERS-110. Jina la nyumbani, kwa Kijapani, linasikika kama neno la sahiba au mwenzi, na herufi zake pia zinabeba ufupisho wa akili bandia kwa Kiingereza. Mradi uliongozwa na mhandisi Toshitada Doi, na umbo likachorwa na Hajime Sorayama, msanii anayejulikana kwa picha zake za roboti za chuma king'aacho. Bei ilikuwa yeni 250,000, na Marekani dola 2,500. Kwa pesa hizo wakati ule ungenunua tarakilishi nzuri na kurudishiwa chenji. Aliuzwa kupitia mtandao. Wale 3,000 waliotengewa Japani waliisha kwa dakika 20, na 2,000 wa Marekani kwa siku nne hivi. Kumbukeni mtandao wa 1999, modemu ikilia kama jogoo aliyekabwa koo! Novemba ya mwaka huo ukaja mtindo wa ERS-111, mbwa 10,000 kwa dunia nzima, na maombi yakapita 130,000. Ikabidi ichezwe bahati nasibu.

Naona nimeshaanza kusema "aliuzwa" na "waliisha". Kiswahili hakikuachi ukae katikati. Mwingereza anaweza kuzungumza juu ya Aibo kurasa tatu bila kuamua kama ni kitu au kiumbe, lakini sisi kitenzi cha kwanza tu kinakudai ngeli. Roboti imeharibika au ameharibika? Nimechagua A-WA, na walimu wangu wa sarufi wanisamehe.

Ndani ya mbwa wa kwanza kulikuwa na viungo 18 vinavyojisogeza, kila kimoja na mota yake ndogo, kamera puani, maikrofoni masikioni, kihisi cha mguso kichwani, na prosesa ya biti 64 iliyokimbia kwa megahazi 50 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 16. Simu ya bei ya chini kabisa dukani leo ingemcheka. Juu ya mashine hiyo wahandisi walijenga hisia sita, yaani furaha, huzuni, hasira, mshangao, hofu na chukizo, pamoja na silika nne: kupenda watu, kutafuta, kutembeatembea, na njaa, ambayo kwake ni haja ya chaji. Hisia hizi ni namba zinazopanda na kushuka. Ukimpapasa kichwa, namba moja inapanda. Ukimpiga, nyingine inapanda na tendo alilolifanya kabla ya kipigo linapungua uzito, kwa hiyo kesho atalifanya kwa nadra. Alianza kama mtoto asiyeweza kusimama vizuri na kukua hadi utu uzima kulingana na malezi.

Na hayo yote, programu na malezi, yalikaa kwenye kadi ya Memory Stick iliyochomekwa mwilini. Mitindo ya mwanzo ilitumia ya megabaiti 8, baadaye 16. Hapa ndipo swali la mpwa wangu linapopata jibu. Aibo akivunjika mguu, ukabadilishwa mguu, bado ni yule yule. Akibadilishwa ubao mkuu wa umeme, bado ni yule yule, maadamu kadi imerudi mahali pake. Kadi ikipotea, unarudishiwa mwili mzima, mzuri, uliong'arishwa, na mbwa mgeni ndani yake. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa yeyote aliyerithi Aibo wa zamani hauhusu mota hata kidogo: chomoa kadi akiwa amezimwa, iweke pakavu. Kadi za namna hii hushika data kwa chaji ndogo za umeme ambazo huvuja polepole, na mbwa hawa sasa wamepita miaka ishirini.

Maradhi yao mengine yalikuja kujulikana kwa majina kama maradhi ya kuku. Maarufu kuliko yote ni la shingo kulegea, hasa kwa ERS-210, yule wa mwaka 2000 aliyefanana na mtoto wa simba, na ndugu yake ERS-220. Shingoni kuna klachi ndogo. Kazi yake ni njema: mtoto akikikamata kichwa na kukipinda kwa nguvu, klachi inateleza ili meno ya giya yasikatike. Lakini kila mtelezo unaila. Baada ya miaka klachi haishiki tena, mota inazunguka, giya zinazunguka, na kichwa kinabaki kimeinama kifuani kama cha mtu aliyepokea simu mbaya. Programu haina kosa. Ndiyo sababu wenye mbwa wengi walihangaika bure wakiwasha na kuzima, wakibadilisha kadi. Fundi alipaswa kufungua shingo na kuishughulikia klachi yenyewe. Kwa hiyo usizungushe kichwa chake kwa mkono. Kamwe! Kama mota zimewaka na unataka kumhamisha, mwambie apumzike kwanza kwa kile kitufe cha kifuani, kisha mbebe kwa kiwiliwili.

Kinachowaua wengi zaidi, hata hivyo, ni betri. Mbwa wa kwanza alikaa saa moja na nusu hivi kwa chaji moja. Betri yake ni ya litiamu, na betri ya litiamu huzeeka hata ikiwa imelala kabatini. Ikishuka chini ya kiwango fulani, saketi ya ulinzi iliyo ndani yake hukata mkondo, na chaja ikiipima inaiona kama kitu kilichokufa. Hapo mwenye mbwa anadhani ubongo umeungua, kumbe ni seli tu. Njia ni kufungua kasha la betri na kuweka seli mpya, kazi ya mtu mwenye mita, mkono mtulivu na heshima kwa moto. Mafundi wetu wa simu wangeielewa kwa dakika tano. Ila wakumbuke kitu kimoja: kuchaji ukiwa umetoka nyumbani, na seli za kuunga-unga, ni kuchokoza bahati.

Kuna na lile la mtandao. ERS-7, mtindo wa 2003, alikuwa na mawasiliano yasiyo na waya ya 802.11b yenye ulinzi wa WEP, ambao ulikwisha vunjwa zamani na ambao ruta nyingi za sasa hazitaki hata kuusikia. Mbwa mzima, viungo vizima, lakini hajui tena lugha ya nyumba.

Sasa niwape sehemu ninayoipenda. Kuanzia 1999 mpaka 2008 mashindano ya RoboCup yalikuwa na ligi ya miguu minne, na wachezaji wote walikuwa Aibo. Timu zote mwili mmoja, mota zilezile. Anayeshinda ameshinda kwa programu. Hebu fikiria ligi ya soka ambamo wachezaji wote ni pacha na kocha ndiye tofauti! Mwaka 2004 Nate Kohl na Peter Stone wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwaachia mbwa watatu uwanja wajifunze wenyewe kutembea haraka. Mbwa anajaribu mwendo, anajipima muda kutoka alama moja hadi nyingine, mwendo mbaya unatupwa, mzuri unabadilishwa kidogo na kujaribiwa tena. Baada ya takriban saa tatu walipata mwendo wa milimita 291 kwa sekunde, kasi kuliko miendo iliyoandikwa kwa mkono na watu wenye shahada zao. Na kazi ya binadamu katika saa hizo tatu? Kubadilisha betri.

Lakini si kila mtu aliruhusiwa kugusa ubongo wa mbwa wake. Programu kwenye kadi ilifichwa kwa msimbo. Mtu mmoja aliyejiita Aibopet aliuvunja na kugawa bure programu zake, mojawapo ya kumfanya mbwa acheze muziki wa disko, nyingine ya kumwezesha mwenye mbwa kuona kile ambacho mbwa anakiona. Mwaka 2001 Sony ilimwandikia barua ikimtaka aviondoe, ikiegemea sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Wenye mbwa walikasirika kwelikweli. Wengine walisema hawatanunua tena kitu cha kampuni hiyo, wakati wao ndio waliokuwa wanunuzi wake wakubwa. Kampuni ikalegeza kamba, na mwaka 2002 ikatoa bure vifaa vya kuandikia programu, OPEN-R, kwa matumizi yasiyo ya biashara. Watu wa Carnegie Mellon wakajenga juu yake mfumo wao, Tekkotsu. Nikiwaza yote haya naona jambo la kuchekesha: anayetaka mbwa wake acheze disko alitishiwa mahakama, na mafundi wa nje ya kampuni ndio ambao baadaye wangehitajika sana.

Maana mwisho ulikuja. Januari 2006 Sony, ikiwa katika kupunguza gharama, ilitangaza kuacha kutengeneza Aibo, na Machi uzalishaji ukakoma. Walikuwa wameuzwa kama 150,000. (Mwaka huohuo Carnegie Mellon ikamwingiza Aibo katika orodha yake ya heshima ya roboti. Sifa za marehemu, kama kawaida yetu.) Kampuni haikukimbia mara moja, na ni haki kusema hivyo. Zahanati yake ya mbwa, ndivyo walivyoiita, iliendelea kuwatengeneza hadi Machi 2014. Miaka minane ya matengenezo kwa bidhaa iliyokufa si midogo. Mimi mwenyewe sijafikisha.

Nisimulie kidogo. Zamani niliandika programu ya kuweka hesabu za chama cha akina mama, michango, mikopo, nani amelipa nani bado. Ilifanya kazi vizuri mpaka wao wakaacha daftari. Kisha nikahamia kazi nyingine, seva niliyokuwa nikiilipia mwenyewe nikaisahau, ikazimwa. Mweka hazina akanipigia simu siku ya kugawana pesa za mwisho wa mwaka. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, vitabu vyetu viko wapi?" Nilikuwa na nakala kwenye diski ya zamani, ya miezi minne nyuma. Miezi minne iliyobaki tuliijenga upya kwa risiti za karatasi na kumbukumbu za watu, tukakaa hadi giza. Kwa hiyo ninaposoma juu ya mzee wa Kijapani aliyepiga simu mwaka 2014 na kuambiwa zahanati imefungwa, sisomi kama mgeni.

Waliowapokea wazee hao ni A-Fun, kampuni ndogo ya Nobuyuki Norimatsu, aliyewahi kuwa Sony, na mafundi wenzake wastaafu. Shida yao ilikuwa vipuri. Hakukuwa na kiwanda tena, kwa hiyo giya ya goti ingetoka wapi? Ingetoka kwa mbwa mwingine. Wenye mbwa wasiowaka tena wakawatoa, na A-Fun ikawaita wafadhili wa viungo, kwa lugha ileile ya hospitali. Fundi anayefungua mbwa mmoja ili ampe uzima mwingine: hata hapa tunaita kuchinja. Gari "limechinjwa", simu "imechinjwa", na hakuna anayelia.

Wao walitaka mtu aombe kwanza. Januari 2015, katika hekalu la Kofukuji mjini Isumi, mkoa wa Chiba, kasisi Bungen Oi alisoma sala juu ya mbwa 19 waliopangwa madhabahuni, kila mmoja na kibandiko cha mahali alikotoka na familia yake. Baada ya ibada ndipo wangeweza kufunguliwa. Ibada zikaendelea. Ya Aprili 2018 ilikuwa na mbwa 114, na jumla ilikuwa imefika kama 800. Nimewasikia wenzangu wakicheka picha zile. Mimi nikiziangalia naona foleni ya mafundi nyuma ya kasisi, wanaosubiri vipuri, na wasiotaka kuvichukua bila ruhusa.

Aibo mwenyewe alirudi. Alitangazwa tarehe 1 Novemba 2017 na kuuzwa kuanzia tarehe 11 Januari 2018. Tarehe hizo, moja-moja-moja, si bahati: mbwa wa Kijapani hubweka "wan", na moja ya Kiingereza inasikika hivyohivyo kwao. Ana viungo 22, macho ya skrini, uso wa mbwa kuliko wa roboti. Alipoanza kuuzwa bei ilikuwa yeni 198,000. Halafu, soma maandishi madogo, yeni 90,000 nyingine kwa miaka mitatu ya huduma, kwa sababu malezi yake hayakai tena kwenye kadi pekee. Yanakaa kwenye seva za kampuni. Kwa jimbo la Illinois, Marekani, hauzwi kabisa, kwa kuwa anatambua nyuso za watu na sheria ya huko inalinda alama za mwili.

Kama fundi wa programu naelewa faida. Mwili ukiungua, kumbukumbu ziko salama pengine, mbwa wako anarudi akiwa yeye. Lile tatizo la kadi iliyopotea limekwisha. Lakini kadi ilikuwa yako, ungeweza kuifungia kwenye sanduku la mkeka wa bibi. Seva ni ya mtu, na kuna siku inazimwa. Jibo, roboti ya mezani ya Marekani, mwaka 2019 iliwaambia wenyewe kwa kinywa chake kwamba seva zake zitafungwa, ikawashukuru, ikacheza. Aibo wa zamani hakuna aliyeweza kumzima kutoka mbali. Alihitaji klachi, seli mpya, na mtu mwenye bisibisi.

Mwaka 2023 Sony ilianzisha mpango wa wazazi wa kambo. Aibo wa wateja waliositisha huduma wanachukuliwa, wanatengenezwa, na kupelekwa hospitali na nyumba za wazee, na wasiotengenezeka wanatolewa vipuri kwa ajili ya wenzao. Yaani kampuni imefika palepale A-Fun walipokuwa.

Na Simba? Wiki iliyopita aliacha kubweka tena. Safari hii si betri, waya wa spika umekatika pale unapopita shingoni. Nimeulehemu, nikauachia urefu kidogo zaidi ili usivutwe. Mpwa wangu amekatazwa kuzungusha kichwa. Betri za akiba ziko kwenye droo yangu, nje ya mbwa.